Mchezo upi wa kujifunzia umpe mtoto? Ulinganisho kwa nyumba yenye simu moja

Fungua duka la programu la Google, tafuta michezo ya kujifunzia ya watoto, uone. Orodha haina mwisho. Karibu kila mchezo una dubu anayecheka, herufi za rangirangi na maelezo ya kumhakikishia mzazi kwamba hapa elimu ipo. Ukiifungua, mingi haina kitu. Mtoto anapasua mapovu, sauti inampongeza, tangazo linaingia, anapasua mengine. Nusu saa inapita na hakuna herufi hata moja iliyoingia kichwani.

Ulinganisho huu ni wa mzazi au mlezi mwenye mtoto wa kati ya miaka mitano na kumi, simu janja moja ambayo mchana ni ya biashara na jioni ni ya mtoto, na bando la kuhesabu. Nimechukua michezo michache ambayo ni ya bure au imeachwa wazi kwa yeyote kuitumia, nikaiuliza maswali matatu. Herufi zake zinatamkwa kwa lugha gani? Lile somo ndilo linalochezwa, au limebandikwa pembeni? Na bando likiisha, mchezo unaendelea? Uzuri wa picha sikuupa alama. Siku hizi yote inang'aa.

Anza na lugha ya herufi

Hapa ndipo wazazi wengi wanapoteleza, kwa sababu mchezo wa Kiingereza unaonekana wa kisasa zaidi.

Mtoto wa darasa la kwanza katika shule ya serikali Tanzania anaanzia kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na anafundishwa kwa Kiswahili. Asubuhi anaimba a, e, i, o, u, kisha ba, be, bi, bo, bu. Jioni anashika simu yenye mchezo wa Kiingereza, na huko A inaitwa "ei", E inaitwa "ii", I inaitwa "ai". Sauti aliyofundishwa asubuhi kuwa ni ya I, jioni imekuwa jina la E. Mtoto wa miaka minane anayejua kusoma hilo halimsumbui; anajua hiki ni Kiingereza na kile ni Kiswahili. Wa miaka mitano au sita, ambaye irabu bado hazijamkaa, anavurugika, na kesho yake mwalimu mwenye darasa la watoto themanini ndiye anayebaki na kazi ya kumnyoosha.

Si majina ya herufi tu. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa. Mtoto akizimudu silabi, pamoja na zile zenye miiba kama ng'o, nywa, mbwe na dha, anaweza kulisoma hata neno ambalo hajawahi kuliona maishani. Kiingereza hakiendi hivyo. Kina herufi zinazoandikwa na hazitamkwi, na o mbili zilizofuatana zinasomeka hivi katika neno hili na vile katika lile. Mchezo mzuri wa kufundisha kusoma Kiingereza unatumia muda mwingi kwenye mitego hiyo, na ni sawa kabisa kwa mtoto anayejifunza Kiingereza. Kwa anayeanza kusoma Kiswahili, huo ni muda wa bure, na zile silabi anazozihitaji hazifundishwi popote.

Hata saa ya ukutani ina mgogoro wake. Michezo mingi ya kufundisha saa inamwonyesha mtoto mshale mfupi ukiwa kwenye 7 na kumtaka ajibu saba. Nyumbani mama anamwambia ni saa moja, amka uende shule. Ukimpa mchezo wa namna hiyo, kaa naye umweleze, la sivyo ataamini mmoja wenu ni mwongo, na huenda asiwe yule wa kwenye simu.

Basi, mtoto aliye shule ya Kiswahili na bado hajui kusoma aanze na mchezo wa Kiswahili, hata kama ni wa kawaida kwa sura. Aliye shule ya mchepuo wa Kiingereza anaweza kuanza na wa Kiingereza. Kwa familia zilizoko Ulaya au Marekani mambo yanageuka: shule inatosheleza Kiingereza, na mchezo wa silabi za Kiswahili ndio wenye kazi, kwa mtoto anayeisikia lugha kwa bibi kwenye simu lakini hajawahi kuisoma.

Iliyojaribiwa Tanga: Kitkit School na onebillion

Michezo hii miwili naipa nafasi kubwa kwa sababu moja. Haikupimwa California wala London, ilipimwa vijijini kwetu.

Mwaka 2014 shirika la XPRIZE la Marekani lilitangaza shindano la dola milioni 15: nani atatengeneza programu itakayomwezesha mtoto kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu mwenyewe, akiwa na kishikwambi tu, bila mwalimu wa kumwongoza? Programu tano zilifika fainali, zikaletwa mkoa wa Tanga, zote zikiwa kwa Kiswahili. Watoto karibu 2,700 katika vijiji 170 walipewa vishikwambi vilivyotolewa na Google, vikachajiwa kwa umeme wa jua. UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na serikali ya Tanzania walishiriki kuliendesha jaribio hilo. Kabla ya kuanza, watoto 74 katika kila 100 walielezwa kuwa hawajawahi kusoma shule, na zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili.

Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma hata neno ilipungua kwa nusu. Katika hesabu, programu zote tano ziliwasaidia wasichana na wavulana sawasawa. Mei 2019 wakatangazwa washindi wawili waliofungana, kila mmoja akachukua dola milioni 5: Kitkit School ya kampuni ya Enuma, na onebillion kutoka Uingereza.

Matokeo hayo yasome yote, usiishie kwenye sherehe. Nusu walitoka pale walipokuwa, na hilo ni jambo kubwa kwa mtoto ambaye hakuwa na darasa. Nusu nyingine bado hawakuweza kusoma neno. Anayekuuzia programu akikwambia itachukua nafasi ya mwalimu, mkumbushe Tanga.

Washindi hawa wamefungana kwa alama, lakini tabia zao ni tofauti. Kitkit School imetengenezwa na watu waliotoka kwenye kazi ya michezo ya kompyuta, na inaonekana. Masomo yamegawanywa kwa siku. Kila siku ina vijimchezo vifupi ambavyo mtoto anavipitia kimoja baada ya kingine, na pembeni kuna maktaba ya vitabu na mahali pa kuchora. Mtoto anayechoka upesi, au anayeogopa kukosea, hapa anapumua. Akishindwa hafokewi, anajaribu tena.

Ile ya onebillion, inayoitwa onecourse, inakaribia zaidi darasa tulivu. Sauti ya mwalimu inamsindikiza mtoto hatua kwa hatua, picha ni chache na safi, na hakuna haraka. Nayo ilikwishafanyiwa utafiti kabla ya Tanga. Nicola Pitchford wa Chuo Kikuu cha Nottingham aliwapima watoto wa madarasa ya mwanzo nchini Malawi waliotumia programu za hesabu za onebillion kwa wiki nane, akawalinganisha na wenzao, na waliotumia walipiga hatua kubwa zaidi katika hesabu. Malawi imeendelea nayo hadi kuwa na mpango wa serikali, BEFIT, wa kuifikisha katika shule za msingi za umma.

Nikilazimishwa kuchagua moja, kwa mtoto mmoja nyumbani mwenye hamu ya kuchezea simu nitachukua Kitkit, kwa kuwa inamrudisha yenyewe kesho yake. Kwa kundi la watoto, tuseme kituo cha kulelea watoto, madrasa, au mwalimu aliyebaki na kishikwambi kati ya vile vya Sensa ya 2022 vilivyogawiwa walimu, nitachukua onecourse. Mpangilio wake ni rahisi kusimamiwa na mtu mmoja, na watoto hawapigi kelele za kushindana.

Shida ya zote mbili ni kuzipata. Zimezoea kuwafikia watoto kupitia mashirika na shule kuliko kupitia duka la simu. Msimbo wa programu zote tano za fainali, yaani maandishi ya ndani yanayoziunda, uliachwa wazi mtandaoni kwenye GitHub, tovuti ya watengeneza programu, ila huko si mahali pa mzazi wa kawaida. Ukiwa na kijana fundi wa kompyuta mtaani, mpe kazi hiyo. Na akiingia huko, mwambie aangalie pia RoboTutor ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Haikushinda, lakini ilikuwa na kipaji ambacho wengine hawakukitilia mkazo: inamsikiliza mtoto akisoma Kiswahili kwa sauti.

Feed the Monster: mdogo, mwepesi, wa jambo moja

Usipopata hizo za Tanga, hapa ndipo pa kukimbilia. Mchezo huu ulizaliwa kwenye shindano lililodhaminiwa na Norway kwa ajili ya watoto wa Syria waliokatishwa shule na vita, ukaanza kwa Kiarabu. Baadaye shirika la Curious Learning likausambaza kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Ni wa bure.

Kazi yenyewe ni hii: kuna zimwi dogo lenye njaa. Linataja sauti au kuonyesha herufi, mtoto analirushia jiwe lenye herufi hiyo. Akipatia linakula na kukua. Akikosea linakataa. Mtoto wa miaka mitano anaelewa bila kuelezwa, na hiyo ni sifa kubwa kuliko inavyosikika, maana mchezo unaohitaji mzazi aeleze kila mara huishia kufutwa.

Mipaka yake uijue mapema. Unafundisha kutambua herufi, sauti na kuunganisha neno. Haufundishi kuelewa hadithi, wala kuandika. Mtoto akishafika anaposoma maneno mafupi bila kusita, kazi ya zimwi imekwisha, mpe kitabu. Nimesikia wazazi wakilalamika kwamba mtoto "ameuchoka". Hajauchoka, ameumaliza.

Khan Academy Kids: bora katika Kiingereza

Ulitoka mwaka 2018, ni kwa watoto wa miaka 2 hadi 8, ni wa bure, hauna matangazo wala kitu cha kununua ndani. Unaongozwa na wanyama watano akiwemo dubu Kodi. Kuna herufi, hesabu, hadithi za kusomewa, nyimbo, kuchora, hata masomo ya kutambua hasira na huzuni. Kwa upana hakuna mwingine katika orodha hii unaoufikia.

Lakini hauzungumzi Kiswahili. Lugha zake ni Kiingereza na Kihispania. Kwa hiyo hukumu yangu inagawanyika. Mtoto wa shule ya mchepuo wa Kiingereza, au wa Nairobi ambaye Kiingereza anakisikia tangu asubuhi, huu ndio wa kwanza. Mtoto wa Singida anayeanza darasa la kwanza kwa Kiswahili, usubiri hadi asome Kiswahili vizuri, kisha uuingize kama mlango wa Kiingereza. Atakihitaji, maana sekondari inamsubiri na lugha hiyo.

Kuna jambo jingine la kuangalia, nalo ni ukubwa wake. Simu yenye nafasi ndogo, iliyojaa picha za WhatsApp za harusi, italalamika. Baadhi ya vitabu na michezo yake unaweza kuvipakua ukiwa na Wi-Fi ukavitumia bila intaneti. Fanya hivyo ukiwa kazini au kwa ndugu mwenye mtandao, usisubiri bando la usiku.

Hesabu: somo liwe ndani ya mchezo, lisiwe tozo

Hesabu inahitaji maneno machache kuliko kusoma, kwa hiyo lugha inalegea kidogo hapa na swali la pili linakuja mbele. Nalo lina utafiti mzuri nyuma yake.

Mwaka 2011 Jacob Habgood na Shaaron Ainsworth, watafiti wa Uingereza, walichapisha walichokiona kwa watoto wa miaka 7 hadi 11. Walitengeneza mchezo ambao mtoto anapambana na mifupa inayotembea, kila mmoja na namba kifuani. Silaha aliyonayo inagawanya kwa namba fulani. Mfupa wenye 12 utauangusha kwa silaha ya 3, si kwa ya 5. Kugawanya ndiko kupigana. Halafu wakatengeneza toleo la pili: mapigano yaleyale bila namba, na maswali ya kugawanya yakaja mwishoni mwa kila hatua. Kwa muda uleule wa kucheza, waliopata toleo la kwanza walijifunza zaidi. Na walipoachwa wachague wenyewe, watoto walitumia muda mara saba zaidi kwenye lile ambalo hesabu ilikuwa ndani.

Kipimo hicho unaweza kukitumia sebuleni. Angalia kama hesabu ni mchezo wenyewe, au ni kizuizi cha barabarani ambacho mtoto analipa jibu ili aruhusiwe kuendelea na raha yake. Michezo mingi yenye majina makubwa ni ya aina ya pili. Prodigy ya Kanada ni mfano unaojulikana: mtoto ni mchawi, anapambana, na kila pigo linadai ajibu swali la hesabu kwanza. Maswali yenyewe si mabaya, na kucheza ni bure. Ila kuna uanachama wa kulipia, na Februari 2021 mashirika ya kutetea watoto ya Marekani yaliushtaki kwa tume ya biashara ya nchi hiyo yakisema unawasukuma watoto kuwadai wazazi walipe. Kwa nyumba isiyo na kadi ya benki kwenye simu hatari ni ndogo. Kelele za mtoto anayeona mwenzake ana mnyama mwenye mabawa, hizo hazina kinga.

Ninaoupendekeza mimi ni GCompris. Ni mzee kuliko yote hapa. Ulianza mwaka 2000, na leo unatunzwa na watu wa KDE, jumuiya ya programu huria. Ni kwa miaka 2 hadi 10, una shughuli zaidi ya 100, hauna matangazo, hauhitaji intaneti, na unakubali kompyuta kuukuu ambayo watu wengine wangeitupa. Kuna mizani ya kusawazisha uzito, kuhesabu vitu, mafumbo, hata chesi. Katika shughuli ya mizani, kujumlisha ndiko kusawazisha. Unakipita kipimo cha Habgood bila shida. Kasoro zake zipo. Sura yake ni ya zamani, mtoto aliyezoea katuni za kisasa atakunja uso mwanzoni. Fedha anazojifunzia kuhesabu si shilingi. Na wingi wa shughuli unamchanganya mtoto akiachwa peke yake; chagua tatu au nne, umwonyeshe hizo tu.

Na hapa niseme la pembeni, kwa sababu linaniudhi. Tunahangaika kutafuta mchezo wa kufundisha mtoto kupanga hesabu kichwani, na bao liko barazani. Mashimo 32, kete 64, na mchezaji hodari anajua kete zake zitaishia shimo gani kabla hajazigusa. Mdako nao, kurusha jiwe juu huku mkono unakomba mawe shimoni na kurudisha yanayozidi, moja moja kisha mawili mawili, ni somo la mafungu. Havina bando. Siyo kwamba simu haina kazi. Ila mtoto mwenye vyote viwili ana zaidi.

Akishajua kusoma: Scratch

Kuanzia miaka minane hivi, michezo ya kufundishwa inaanza kumchosha mtoto mwenye akili chapuchapu. Wakati huo mgeuze awe mtengenezaji. Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, inamwezesha mtoto kutunga mchezo au katuni yake kwa kuunganisha vipande vyenye amri: nenda hatua kumi, geuka, rudia. Imekusudiwa miaka 8 hadi 16. Ukifungua orodha ya lugha utakikuta Kiswahili, na kuna toleo la kupakua linalofanya kazi bila intaneti.

Mdogo wake, ScratchJr, ni kwa miaka 5 hadi 7 na amri zake ni alama za picha, hivyo hata asiyejua kusoma anaweza kuitumia. Zote mbili zinataka kioo kikubwa kuliko cha simu. Kwenye kishikwambi au kompyuta ni raha. Kwenye simu ya inchi sita mtoto atakosea kugusa na kukata tamaa. Kama huna kifaa hicho, usilazimishe.

Kwa mkupuo

| Mchezo | Umri | Lugha | Bila intaneti | Unafaa zaidi kwa |
|---|---|---|---|---|
| Kitkit School | awali hadi darasa la pili | Kiswahili, Kiingereza | ndiyo | mtoto mmoja nyumbani, KKK yote |
| onecourse | awali hadi darasa la pili | Kiswahili na nyingine | ndiyo | kituo, darasa, kikundi |
| Feed the Monster | anayeanza kusoma | nyingi, Kiswahili kimo | ndiyo | herufi na sauti kwenye simu ndogo |
| Khan Academy Kids | 2–8 | Kiingereza, Kihispania | kwa sehemu | shule ya mchepuo wa Kiingereza |
| GCompris | 2–10 | nyingi | ndiyo | hesabu, kompyuta ya zamani |
| ScratchJr | 5–7 | alama za picha | ndiyo | kutunga, kwenye kishikwambi |
| Scratch | 8–16 | nyingi, Kiswahili kimo | ndiyo, ukiipakua | mtoto anayejua kusoma |

Kuhusu muda: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidi saa moja ya kukaa mbele ya kioo kwa siku, na pungufu ni bora. Chini ya hapo, wasipewe kabisa. Kwa waliozidi, mimi naona dakika ishirini hadi thelathini za mchezo mmoja zinatosha. Muhimu uwe mmoja. Mtoto anayerukaruka kati ya michezo mitano anajifunza kubonyeza tu.

Zuia pia simu yenyewe. Simu nyingi za Android zina mpangilio wa kuibana programu moja ili mtoto asitoke akaingia kwenye M-Pesa au kumpigia bosi wako. Uweke kabla hujamkabidhi.

Chagua hivi

Una mtoto wa miaka mitano au sita, shule ya Kiswahili, simu ndogo: Feed the Monster ya Kiswahili, na mdako nje. Ukifanikiwa kuipata Kitkit, badilisha. Shule ya mchepuo wa Kiingereza: Khan Academy Kids, na mara mbili kwa wiki msomee hadithi ya Kiswahili, kwa sababu mchezo huo hautamfundisha ng'. Mtoto wa darasa la tatu anayesoma vizuri lakini hesabu zinampiga chenga: GCompris, shughuli chache ulizochagua wewe. Una kompyuta na mtoto wa miaka tisa asiyetulia: Scratch, bila kufikiri mara mbili.

Na ukikutana na mchezo ambao sijautaja hapa, upime kabla ya kumpa. Zima data, uufungue. Ukigoma kufunguka, kazi imeisha. Ukifunguka, cheza dakika kumi wewe mwenyewe huku ukijibu ovyo, bila kusoma wala kuhesabu chochote. Ukiona bado unapanda hatua na unapongezwa, ufute.